Gari la zamani la Kimarekani: soma namba kabla hujalipa

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mzee mmoja wa Tanga. Mzee huyu ana kijana wake huko Houston, Texas, ambaye amekuwa dereva wa lori kwa miaka minane. Kijana amedunduliza fedha, na nyumbani wakajua sasa atakuja kujenga. Kumbe mwenzao ameona gari. Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle SS la mwaka 1970, na mwenye nalo anataka dola 60,000.

"Gari hilo lina umri mkubwa kuliko mwanangu," anaandika mzee. "Kwa fedha hizo si angepata jipya? Je, kijana amerogwa, au kuna jambo mimi silijui?"

Nimeona nilijibu swali hili hadharani, kwa sababu linamhusu kila mtu anayenunua kitu cha zamani, kiwe gari, nyumba au kiwanja. Jibu langu kwa ufupi ni hili: hajarogwa, mzee wangu, lakini anaweza kuibiwa.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Wamarekani wana jamii ya magari wanayoyaita magari ya misuli. Ni magari ya ukubwa wa kati, ya bei ya mtu wa kawaida, ambayo viwandani yalitiwa injini kubwa ya silinda nane. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1964. Kampuni ya General Motors ilikuwa na amri kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, wakaipenya amri hiyo kwa ujanja. Hawakuunda gari jipya. Walichukua Pontiac Tempest, wakaitia injini ya inchi 389, na kuiandika kwenye orodha ya nyongeza ambazo mteja anaweza kuziomba kwa dola 295 hivi. Nyongeza hiyo wakaiita GTO. Walitarajia kuuza magari 5,000, wakauza zaidi ya 32,000 mwaka ule wa kwanza.

Hapo kila kampuni ikataka lake. Mwaka 1968 Plymouth ilitoa Road Runner, ambalo bei yake ya kuanzia haikufika dola 3,000. Mwaka 1970 Chevrolet ikaitia Chevelle SS injini ya inchi 454, na aina yake kali kuliko zote, iliyojulikana kama LS6, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Kijana aliyefanya kazi kiwandani aliweza kulinunua gari la namna hiyo kwa mkopo, na siku za Jumamosi akalitia mashindanoni.

Sherehe haikudumu. Makampuni ya bima yaliwapandishia vijana viwango hadi bima ikawa mzigo kuliko gari. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta, na watu wakapanga foleni vituoni. Magari yale yaliyokunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani yakauzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakaozea mashambani. Leo yaliyobaki ni machache, na waliokuwa vijana wakati ule walikuja kupata fedha wakiwa watu wazima. Bei ikapanda. Mwaka 2014 gari moja aina ya Plymouth Hemi 'Cuda la mwaka 1971, lenye paa la kukunjwa, liliuzwa mnadani huko Seattle kwa dola milioni 3.5.

Sasa, msikilizaji, angalia mahali hatari inapoanzia. GTO ilizaliwa kama nyongeza kwenye gari la kawaida, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwa Chevelle ya kijana wetu. Mwaka 1970, SS haikuwa gari la pekee. Ilikuwa Chevelle Malibu iliyoongezewa vitu: injini kubwa, breki za diski mbele, ekseli ya nyuma iliyo imara zaidi, saa za mviringo kwenye dashibodi, na herufi mbili za SS. Malibu ya kawaida ilitoka kiwandani hiyohiyo, na bodi hiyohiyo. Na leo vitu vyote hivyo nilivyovitaja vinauzwa dukani. Viwanda vya vipuri vimefika mahali vinaunda hata bodi nzima mpya ya Camaro ya 1969 au Mustang ya zamani. Fundi hodari anaweza kuchukua Malibu ya kawaida, akaifunga kila kitu cha SS, akaipaka rangi, na wewe na mimi tusijue tofauti.

Gari kama hilo ni nakala. Nakala si dhambi. Mwenye kuuza akisema waziwazi kwamba hii ni nakala, akataka bei ya nakala, amefanya biashara halali. Wizi unakuja pale nakala inapouzwa kwa bei ya asili, na tofauti ya bei hizo mbili inaweza kuwa akiba ya miaka mingi ya dereva wa lori.

Utajuaje basi? Soma namba. Namba ya chesisi ya Chevelle ya 1970 iko kwenye kibati juu ya dashibodi, inaonekana kupitia kioo cha mbele. Ikianza na 135, gari lilitoka na injini ya silinda sita, kwa hiyo haliwezi kuwa SS hata likipambwa vipi. Ikianza na 136, ni Malibu ya silinda nane. Lakini hapo usishangilie, maana namba hiyo haikuambii kama lilikuwa SS au la. Inakuambia tu kwamba inawezekana.

Nenda hatua ya pili. Sehemu ya namba ya chesisi iligongwa pia kwenye injini. Zikilingana, hiyo ndiyo injini lililozaliwa nayo, na thamani inapanda. Injini ina pia tarehe ya kumiminwa kwa chuma chake, na karibu na kioo cha mbele chini ya boneti kuna kibati kinachoonyesha juma gari lilipoundwa. Injini iliyomiminwa mwezi Mei haiwezi kuwa ya gari lililoundwa Februari ya mwaka huohuo. Angalia vilevile kama mahali pa namba pamesuguliwa na kugongwa upya, kwani hilo nalo hufanyika. Huko Marekani kuchezea namba ya chesisi ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, na gari la namna hiyo linaweza kukamatwa mikononi mwako wewe uliyelinunua kwa nia njema.

Hatua ya tatu ni karatasi. Kiwandani kila gari lilipita na karatasi iliyoorodhesha vitu vya kufungwa, na mara nyingine wafanyakazi waliiacha ndani, juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za viti. Karatasi hiyo ya manjano iliyotafunwa na panya inaweza kuwa na thamani kuliko rangi mpya. Wanunuzi wa Pontiac wana bahati, kwa sababu kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa na mtu hulipia kupata nakala ya gari lake. Kadhalika Ford za kuanzia 1967. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani hakuna daftari la namna hiyo la kukimbilia. Ndiyo maana mwenye Chevelle asiye na karatasi hata moja anakuuzia neno lake tu.

Baada ya karatasi ndipo tuje kwenye bati. Gari la miaka zaidi ya hamsini adui yake ni kutu. Chukua sumaku, izungushie kitambaa laini, uipitishe chini ya milango na kwenye mabawa ya nyuma. Isiponata, chini ya ile rangi inayong'aa hakuna bati, kuna lile dongo la kuzibia mashimo. Lala chini utazame sakafu na chesisi. Fungua buti, inua zulia. Kama paa limefunikwa kwa ngozi ya plastiki, tazama sana pembeni mwa kioo cha nyuma, maana maji hukaa humo. Na usiiamini mita. Magari yale yalikuwa na tarakimu tano tu za maili, zikifika 100,000 zinarudi sifuri. Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika, tunaojua mchezo wa kurudisha mita nyuma, tusimame hapo kidogo: hizi hujirudisha zenyewe.

Kuhusu bei, wenzetu huyapanga magari haya kwa madaraja manne. La kwanza ni gari la maonyesho lisilo na dosari, la pili ni zuri mno, la tatu ni zuri la kutembelea, la nne linatembea lakini kasoro zinaonekana. Makosa ya wengi ni kununua la nne wakidhani watalipandisha kwa bei nafuu. Tuseme umelipata kwa dola 20,000, ukatumia 60,000 kwa bodi, rangi, injini na viti. Umeshatoa 80,000, na soko linaweza kukuambia lina thamani ya 50,000. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda alilipa. Kwa kawaida ni afadhali kumlipa mtu aliyekwisha kupata hasara hiyo. Na ukinunua mnadani, kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 10. Nyundo ikigonga 50,000, wewe unalipa 55,000.

Hapo sasa tuje kwenye hamu ya kila kijana, yaani kulibadili gari. Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1968 ilitolewa filamu ya Bullitt, ambamo mwigizaji Steve McQueen anafukuzana na majambazi katika vilima vya San Francisco akiendesha Ford Mustang ya kijani. Mwaka 1974 familia moja ya New Jersey ililinunua gari hilo kwa dola 6,000 hivi kupitia tangazo la jarida, ikawa inalitumia kwa safari za kila siku. McQueen mwenyewe aliwaandikia mwaka 1977 akiomba kulinunua, wakakataa. Gari likaharibika, likawekwa. Lilipoonyeshwa tena mwaka 2018 rangi ilikuwa imefifia, bodi ina makovu, na chini bado kulikuwa na vyuma vilivyochomelewa kushikia kamera za filamu. Fundi mwenye haraka angelisugua, akalipaka rangi na kuvikata vyuma vile. Familia haikufanya hivyo. Januari 2020 liliuzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.4, na pamoja na ada ikafika milioni 3.74. Vile vyuma vibaya ndivyo vilivyokuwa ushahidi.

Sisemi kwamba usiguse kitu. Magari haya yaliundwa kukimbia mbele moja kwa moja. Kusimama na kukata kona lilikuwa jambo jingine. Mwenye akili timamu atabadili breki za dramu za mbele aweke za diski, atafunga matairi ya radiali, radieta nzuri na mikanda ya usalama. Mipira ya mafuta ya zamani ibadilishwe, kwani petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na ethanoli inayoila. Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani huko tangu 1 Januari 1996, kwa hiyo fundi akiifungua injini, atie viti vya valvu vilivyo vigumu. Mabadiliko haya yanafungwa kwa bolti na kufunguliwa kwa spana. Kila kilichotolewa kiandikwe, kipakwe grisi, kiwekwe sandukuni. Siku ya kuuza, sanduku hilo nalo ni fedha.

Kanuni ni hii: badili kile unachoweza kukirudisha. Kukata sakafu ili gia boksi ya kisasa ienee, kutoboa boneti, au kuuza injini ya asili kama chuma chakavu, hayo hayarudi. Lakini kama gari ni Malibu isiyo na injini yake ya asili, basi uwanja ni wako. Lifunge hata injini mpya ya aina ya LS, ambayo General Motors ilianza kuiunda miaka ya 1990, ulifurahie. Hapo hujafuta historia yoyote, na wapo wanunuzi wanaoyapenda magari ya namna hiyo. Na bima, kijana aombe ile ambayo thamani ya gari imekubaliwa na kuandikwa mapema. Bima ya kawaida italihesabu kuwa gari kuukuu.

Basi, mzee wangu wa Tanga, mwandikie kijana. Asitume hata dola moja ya amana kabla hajaiona namba ya chesisi, namba ya injini na karatasi, na kadi ya gari iwe na namba hizohizo. Amlipe mtaalamu asiyemjua muuzaji alikague gari likiwa limeinuliwa. Vyote vikilingana, amepata kitu kinachoweza kutunza fedha yake, ingawa bei hushuka pia na asitie humo fedha ya nyumba yenu. Visipolingana, aseme waziwazi kwamba atalipa bei ya Malibu. Muuzaji akikasirika, aage kwa heshima aondoke. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya mbuzi anayeuzwa akiwa ndani ya gunia, na gunia hili limepakwa rangi nyekundu na kuandikwa SS.