Kitu cha Asili na Kitu Salama

Kila siku, tangu alfajiri hata usiku, mtu hutumia vitu vingi asivyovitengeneza mwenyewe: sabuni ya kuogea, mafuta ya kujipaka, wanja, dawa ya mbu, dawa ya kusafishia choo. Zamani vitu hivyo vilikuwa vichache, na mara nyingi aliyevitumia alimjua aliyevitengeneza. Siku hizi hutoka mbali, vimefungwa katika karatasi na chupa, na mnunuzi hawezi kujua kilichomo ila kwa kusoma na kuuliza. Kwa sababu hiyo watu wenye hadhari hutafuta vitu vya asili, yaani vilivyotokana na mimea, wanyama au ardhi, wakiamini ya kuwa kitu cha asili hakina sumu. Katika imani hiyo mna kweli, lakini si kweli yote. Mifano ifuatayo itaonyesha.

Mfano wa kwanza ni wanja. Tangu kale watu wa pwani, wa Arabuni na wa Bara Hindi wamejipaka wanja machoni, na mama wengi huwapaka hata watoto wachanga. Wanja wa namna moja hufanywa kwa masizi ya taa. Wanja wa namna nyingine hufanywa kwa jiwe jeusi lenye kumeta, ambalo huchimbwa ardhini, likasagwa mpaka likawa unga laini. Jiwe hilo ni la asili kabisa. Hakuna kiwanda kilichoongeza kitu ndani yake. Walakini sehemu yake kubwa ni risasi, madini yale yale ambayo risasi za bunduki hutengenezwa nayo, na risasi ni sumu.

Mtoto aliyepakwa wanja huo hufikicha macho, kisha hutia vidole kinywani. Hivyo risasi huingia tumboni kidogo kidogo. Haimwangushi siku ile ile, wala haimwumizi kwa namna ambayo mama ataiona. Kazi yake huifanya polepole katika ubongo: mtoto huwa mzito wa kujifunza na kushika mambo, na hasara hiyo hairudishwi na dawa. Wataalamu wa afya wanasema hawajaona kiasi cha risasi, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho ni salama kwa mtoto. Tena wanja wa masizi na wanja wa jiwe, vikiwa katika kichupa, hufanana. Macho hayawezi kuvipambanua.

Mfano wa pili ni kinyume cha ule wa kwanza, nao ni sabuni. Sabuni hufanywa kwa kuchanganya mafuta na magadi makali yaitwayo kostiki. Kostiki huchoma ngozi na kupofusha macho, na mtu akiimeza huunguza koo. Nani angefikiri kuwa kitu kibaya hivyo chaweza kuzaa kitu cha kumwogeshea mtoto? Lakini mafuta na kostiki vikikutana kwa kipimo cha haki, vyote viwili hubadilika. Kostiki haibaki kostiki, wala mafuta hayabaki mafuta. Huwa sabuni, pamoja na maji matamu mazito yaitwayo glisirini, ambayo hulainisha ngozi.

Siri yote imo katika kipimo. Gramu 1000 za mafuta ya nazi huhitaji gramu 180 hivi za kostiki. Kostiki ikizidi, hubaki ndani ya sabuni na kuchoma ngozi. Kwa hiyo fundi mwema hupima kwa mizani, wala hakisii kwa kikombe, naye huacha mafuta yazidi kidogo. Hutia kostiki katika maji, wala hatii maji katika kostiki, kwa maana mchanganyiko huo huchemka wenyewe na waweza kumrukia usoni. Hatumii chombo cha alumini, kwa kuwa kostiki hukila. Watoto huwaweka mbali. Akiisha kukata vipande, huviweka mahali penye hewa muda wa majuma manne au zaidi vipate kukauka. Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa moja njema: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na kwa hiyo hufaa kwa mabaharia.

Basi, jiwe la asili lilikuwa na sumu, na kostiki kali ilizaa kitu salama. Mtu aliyetazama mwanzo tu, asiulize kilichofuata, angekosea mara zote mbili.

Mfano wa tatu ni sabuni na mafuta ya kujichubua, yanayouzwa kwa watu wanaotaka ngozi yao iwe nyeupe. Baadhi yake yametiwa zebaki, madini yanayochuruzika kama maji. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake ya kawaida, rangi ambayo ndiyo ngao ya mwili dhidi ya ukali wa jua. Kisha hupenya mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mja mzito akiitumia, humfikia mtoto tumboni. Zaidi ya hayo, mvuke wake hutoka na kuenea nyumbani, na taulo na shuka huichukua, hata wale wasiojipaka wakadhurika. Makopo ya namna hii mara nyingi hupambwa kwa picha za maua na matunda, na zebaki yenyewe haitajwi. Ikitajwa, huenda ikaandikwa kwa alama yake ya kitaaluma, nayo ni Hg. Pengine huandikwa onyo la kwamba dawa isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Onyo hilo ni dalili ya zebaki, kwa kuwa zebaki huharibu madini hayo.

Ubaya wa zebaki ulijulikana kwa msiba. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kimoja kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, na watu wakala samaki. Mwaka 1956 waganga walitambua maradhi mapya: watu walitetemeka, wakashindwa kusema na kutembea, na watoto wakazaliwa na vilema. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya kuzuia zebaki, yakayaita kwa jina la mji huo. Mwaka 2023 yalikata shauri kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome kutengenezwa na kupelekwa nchi hata nchi baada ya mwaka 2025. Lakini sheria hailindi mlango wa kila duka. Na bidhaa ya magendo haivai alama ya magendo.

Mfano wa nne ni pareto. Ni ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano. Asili yake ni Dalmatia, upande wa kusini wa Ulaya, na katika miaka ya 1920 lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Kenya. Hulimwa pia Tanzania, katika nyanda za juu za kusini. Maua hukaushwa na kusagwa, na katika unga wake mna dawa inayolegeza mishipa ya wadudu mara moja. Kabla ya Vita Kuu ya Pili Japani ndiyo iliyouza pareto nyingi zaidi duniani. Vita vilipofunga njia, pareto ya Kenya ilitumika kuwakinga askari na mbu na chawa.

Pareto yasifiwa kwa haki. Mwili wa mtu huivunja upesi, na jua huimaliza kwa muda mfupi, isikae shambani miaka na miaka kama dawa nyingine zilivyofanya. Lakini haina urafiki na kila kiumbe. Huua samaki, na huua nyuki kama iuavyo mbu. Mtu akisafisha bomba lake la dawa mtoni, atawaua samaki wa jirani zake kwa kitu cha asili. Vivyo hivyo muarobaini: majani yake hutumika katika tiba nyingi, lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Hata jikoni funzo ni lile lile. Majivu na kumvi la nazi husugua sufuria vizuri, na ndimu huondoa kutu na madoa. Mwenye vitu hivi hana haja ya kununua dawa kwa kila kazi. Lakini ndimu au siki ikichanganywa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hutoka hewa kali ya kuziba pumzi. Kwa hiyo dawa ya klorini isichanganywe na kitu chochote ila maji.

Mtu afanye nini basi? Asitupe vitu vya asili, wala asiviamini kwa jina tu. Na aulize maswali matatu. La kwanza, kimetengenezwa kwa nini? Kopo lisilotaja vilivyomo ni kama mgeni anayekataa kusema jina lake. Na asiingizwe nyumbani. La pili, kitaingia mwilini kwa njia gani, na ni mwili wa nani? Mwili wa mtoto ni mdogo na ungali unajengwa, naye hutia kinywani kila akishikacho. Kitu kinachostahimiliwa na baba chaweza kumwangamiza mwana. La tatu, nani amekipima? Tanzania kazi hiyo ni ya Shirika la Viwango, TBS, na Kenya ni ya KEBS. Alama zao zatazamwa kwanza, kabla ya picha ya jani.

Maswali haya hayahitaji fedha. Yahitaji mtu ajuaye kusoma, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mtoto wa shule. Mama anaweza kuwa na busara kumpita mwanawe mara nyingi, lakini maandishi madogo ya nyuma ya kopo humhitaji yule mwenye macho makali na elimu mpya. Mtoto amsomeaye mama yake maandishi hayo kwa adabu, kabla ya kopo kufunguliwa, huenda akawa amelinda akili ya mdogo wake aliyelala mgongoni. Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Maswali
1. Kwa nini wanja wa jiwe waweza kudhuru ingawa ni kitu cha asili?
2. Kostiki hugeukaje, hata sabuni isichome ngozi?
3. Zebaki huwafikiaje watu wasiojipaka?
4. Tafuta nyumbani kitu kimoja kilichoandikwa vilivyomo. Viandike katika daftari, kisha ukijaribu kwa maswali yale matatu.