Je, Wajua? Lenzi za Zamani, Kamera za Mota

Lenzi ya kuzungushwa kwa mkono inaweza kutumika kwenye kamera ya filamu iliyoundwa kujilenga yenyewe. Kinachoamua ni umbali kati ya mdomo wa kamera na filamu.

• Lenzi za skrubu za M42, kama Helios 44 ya Kisovieti, huhitaji milimita 45.46. Canon EOS, iliyoanza 1987, ina milimita 44, hivyo pete nyembamba ya kuunganishia inaenea na vilima vya mbali vinatoka vikali. Nikon ina milimita 46.5, zaidi ya lenzi hizo zinavyohitaji. Pete isipokuwa na kioo ndani yake, lenzi hiyohiyo hulenga vya karibu tu.

• Mdomo wa F wa Nikon ni uleule tangu 1959, lakini si kila bodi hupima mwanga kwa lenzi za mkono. F100 hupima kwa lenzi za AI (za kuanzia 1977) na huwasha kitone cha kijani taswira ikikaa sawa. F80 haipimi kabisa. Lenzi za kabla ya 1977 zisizorekebishwa zinaweza kuvunja kijino cha mdomo wa F100.

• Contax AX ya 1996 ilisogeza filamu yenyewe ndani ya bodi, lenzi ya mkono ikalengwa na mota.

• Ukiwa mpiga picha wa Bunia, uliza kwanza habari ya pile. F100 hutumia nne za AA, zilezile za tochi. Canon EOS 650 hutaka moja ya lithiamu aina ya 2CR5. Ukienda nayo Epulu au Mongbwalu, beba ya akiba.