Mtaro Unaopita Mbele ya Biashara Yako

Leo nazungumza na watu wa biashara wa hapa Silanga: mama mboga, fundi wa pikipiki, mwenye hoteli, kinyozi, muuza maji. Tukisikia kwamba biashara zinaharibu mazingira, sisi hufikiria viwanda vikubwa vyenye mabomba ya moshi. Leo tuutazame mtaro ulio mbele ya kibanda chako.

Silanga maana yake ni bwawa. Tumepewa jina hilo kwa sababu ya Bwawa la Nairobi lililo hapo chini yetu, ambalo lilijengwa miaka ya 1950 kuwa la maji ya kunywa. Watu walikuwa wakiendesha mashua pale. Halafu likajaa tope, maji machafu na magugu maji. Sisi tuko chini, kwa hivyo uchafu wa vijiji vya juu hupita kwetu, na wetu tunauongeza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugonjwa unapoingia. Paipu nyingi za maji yetu ni za plastiki, na zimepitishwa ndani ya mitaro hiyo hiyo. Paipu ikikanyagwa hupata ufa. Maji yanapokuwa na presha, hutoka nje kupitia ule ufa, nawe unaona tu maji yanapotea. Lakini maji yakikatwa, paipu hubaki tupu, na ufa ule ule hufyonza maji ya mtaro. Siku maji yakirudi, yanayotangulia kujaza mtungi wako ni ya mtaroni. Mtoto wa miezi minane akipewa hayo bila kuchemshwa, jioni anaharisha, na kesho macho yamezama. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Nairobi, njia yake ilikuwa hiyo hiyo ya maji na chakula kilichochafuliwa.

Kwa hivyo wewe muuza maji una kazi kubwa kuliko mimi nesi. Itoe paipu yako mtaroni, uipitishe juu au kando. Penye kiungo usifunge kipande cha mpira wa baiskeli, weka kiungo kamili. Maji yakirudi baada ya kukatwa, yaache ya kwanza yamwagike hadi yawe safi ndipo uanze kuuza. Najua yale ni pesa. Lakini hata yakionekana safi, waambie wateja wachemshe au watie dawa ya maji. Mteja hatakukimbia kwa sababu ya kumwambia ukweli.

Mtaro ukiziba, maji hupanda na kuzifunika paipu zote, na kinachoziba ni mali ya biashara. Mwenye chipsi humwaga mafuta yaliyokuwa meusi. Yakipoa huganda na kushika kila kinachopita. Yaache yapoe, uyatie ndani ya mkebe pamoja na majivu, uwape vijana wanaobeba taka. Mama mboga, maganda na majani yaliyonyauka yana wenyewe: wafugaji wa nguruwe na sungura wanayatafuta. Weka gunia moja la hayo peke yake, usichanganye na plastiki. Chupa nazo zina wanunuzi wa kilo.

Halafu juala. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu inaweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Bado naona sukuma wiki iliyokatwa ikifungwa kwa juala. Mwambie mteja aje na bakuli. Wale wa kila siku watazoea kwa wiki mbili.

Mwenye hoteli, wafanyakazi wako na wateja wako wanajisaidia wapi? Kama huna choo, elewana na wenye choo cha kulipia kilicho karibu, uwalipe kwa mwezi. Na usiwashe jiko kwa plastiki au vipande vya tairi, moshi wake ni sumu kwa mapafu ya mpishi na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Ukiloweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha, yataiva upesi na makaa yatapungua.

Kinyozi na mwenye duka la dawa, nyembe na sindano zisitupwe kwenye gunia. Anayezoa taka hana glavu, na kijidudu cha homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili siku kadhaa. Nyembe tia kwenye chupa ngumu yenye kifuniko. Sindano tia kwenye kisanduku maalum, na ulizia kituo cha afya kama watazichoma.

Fundi, oili chafu itie mtungini uiuze, ina wanunuzi wake. Lakini ninayemwogopea zaidi ni anayeyeyusha betri za gari apate risasi ya kuuza. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja kilifanya kazi hiyo kuanzia 2007 hadi 2014. Watoto walikutwa na risasi katika damu, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila kurudi nyuma. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Betri zako uza zikiwa nzima. Na kama umekuwa ukiyeyusha karibu na nyumba, walete watoto kliniki tuwaangalie, hata kama wanacheza vizuri.

Wiki ijayo tutaendelea na maji: jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Muwe na kalamu karibu.