Mtoto aliyepona malaria kali arudishwe kupimwa damu

Kwa miaka mingi, aliyezidiwa na malaria katika hospitali za Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria alitundikiwa dripu ya kwinini. Dawa hiyo huokoa, lakini masikio huvuma, na sukari mwilini huweza kushuka hadi mgonjwa akapoteza fahamu, hivyo sharti ipimwe mara kwa mara.

Utafiti wa mwaka wa 2010 kuhusu watoto 5,425 wa mataifa tisa ya Afrika, Kenya ikiwemo, ulibadili mambo: kwinini ilipotumiwa walifariki asilimia 10.9, artesuneti asilimia 8.5. Sindano ya artesuneti hudungwa mgonjwa anapofika, baada ya saa 12, na tena saa 24. Akiweza kumeza, humalizia kwa tembe za mseto.

Hata hivyo, hatari nyingine huja kimya, mtoto akiwa keshatoka wodini na kurudi nyumbani, tuseme Mbita au Usenge. Kati ya wiki ya kwanza na ya nne, chembe nyekundu za damu huweza kupasuka. Mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa manjano au viganja vikipauka, mzazi asikimbilie duka la dawa akidhani malaria imerejea. Damu ndiyo ipimwayo hapo, na wengine hulazimika kuongezwa.