Ndege iliyogoma kwenye asilimia 97

JUMANNE ya Novemba 19, 2024, maelfu ya watu katika miji ya Ulaya na Marekani walikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Usukani wa ndege ulikuwa umefungwa mezani, pedali ziko chini ya meza, na wengi wao walikuwa wamelipa pesa mapema, kabla bidhaa haijatoka. Wakabonyeza kitufe. Mstari wa kupakia ukaanza kusogea kwenye skrini: asilimia 20, 50, 80, 90. Ukafika 97, ukasimama hapo.

Hao walikuwa na bahati. Wengine hawakuuona hata mstari wenyewe. Walikutana na tangazo kwamba wako kwenye foleni na wasubiri zamu yao. Wakasubiri saa nzima, saa mbili, wengine hadi usiku wa manane. Na waliofanikiwa kuingia walikuta ndege walizolipia hazionekani kwenye orodha.

Bidhaa hiyo inaitwa Microsoft Flight Simulator 2024, programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kuigiza urubani akiwa nyumbani kwake. Asichanganye mtu na mashine kubwa za kufundishia marubani ambazo mashirika ya ndege hununua kwa mamilioni ya dola. Hii ni ya mezani. Hata hivyo si mchezo wa watoto. Ndani yake mna saa na vipimo vyote vya chumba cha rubani, upepo na mvua inayofuata hali halisi ya siku hiyo, na dunia nzima iliyochorwa kwa picha za satelaiti. Mtu aliyeko Manchester anaweza kuondoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, akapita juu ya Ziwa Victoria na kutua Entebbe, bila kuinuka kitini.

Bei yake ilianzia dola 70 kwa toleo la kawaida na kupanda hadi dola 200 kwa lile lenye ndege nyingi zaidi. Dola 200 ni mtaji. Wapo akina mama wa Busia na Namanga walioanza biashara kwa pesa pungufu ya hizo.

Wateja wasiohama

Ili kuelewa hasira ya siku ile, ni vizuri kuwajua wateja wenyewe. Toleo la kwanza la programu hii lilitoka mwaka 1982, likiwa limetokana na kazi ya mhandisi Mmarekani Bruce Artwick. Wakati huo dunia ilikuwa mistari michache tu kwenye skrini. Baadhi ya walioanza nayo wakiwa wanafunzi sasa ni wastaafu. Wamo marubani wa kweli, na wamo waliotaka kuwa marubani wakazuiwa na macho au ada. Wapo pia wanaojitolea kukaa kama waongoza ndege kwenye mtandao wa VATSIM, wakizungumza na marubani wenzao wa mezani kwa lugha ileile inayotumika angani.

Wateja wa namna hii ni dhahabu kwa mfanyabiashara yeyote. Hawahami, wananunua kila toleo, na wanatumia zaidi kwenye vifaa kuliko kwenye programu yenyewe. Wamezoea pia kuvumilia, maana toleo jipya kuja na kasoro si jambo geni kwao. Lile la mwaka 2006, lililoitwa FSX, lilikuwa zito kiasi kwamba kompyuta nyingi nzuri za wakati huo zililemewa, na marekebisho yakaja mwaka uliofuata. Mwaka 2009 Microsoft iliifunga kabisa studio iliyokuwa ikitengeneza programu hiyo, na wapenzi wake wakabaki kama wateja wa duka lililohama bila kubandika tangazo.

Ikarudi Agosti 2020, safari hii ikitengenezwa na Asobo, studio ya mjini Bordeaux, Ufaransa. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichotangulia. Nayo ilikuwa na vituko vyake. Katika kitongoji kimoja cha Melbourne, Australia, kulionekana mnara mwembamba wa ghorofa 212 ukichoma mawingu juu ya nyumba za kawaida. Chanzo chake kilikuwa kosa la kuandika: mtu aliyekuwa akijaza taarifa kwenye ramani huria, ambayo kila mtu anaweza kuihariri, alitaka kuandika 2 akaandika 212. Kompyuta ikamwamini, ikajenga. London nako, kasri la Buckingham lilionekana kama jengo la ofisi za kupangisha.

Watu walicheka. Marubani wa mezani kutoka kila pembe walipanga safari za kwenda Melbourne kuuona ule mnara, na wengine wakajaribu kutua juu yake. Kicheko kiliwezekana kwa sababu moja: ndege zilikuwa zinaruka.

Mzigo ulioachwa kwa muuzaji

Toleo la 2020 lilihitaji nafasi ya takriban GB 150 kwenye kompyuta, na likazidi kunenepa kadiri viwanja na ndege zilivyoongezwa. Barani Ulaya liliuzwa hata katika kisanduku chenye DVD 10, kwa ajili ya wasio na intaneti ya kasi. Yalikuwa malalamiko makubwa, kwamba mtu analazimika kufuta picha za familia ili apate pa kuegesha ndege.

Watengenezaji walisikia. Kwa toleo la 2024 walipunguza mzigo wa nyumbani hadi kama GB 50. Sehemu kubwa iliyobaki, yaani ardhi, majengo na hata ndege zenyewe, ingekaa kwenye seva za Microsoft na kuletwa kwa intaneti kidogo kidogo, kile tu kinachohitajika kwa safari ya wakati huo.

Kwa maneno ya sokoni, mnunuzi alilipia gunia zima lakini akaliacha ghalani kwa muuzaji, apimiwe kisado kila anapotaka kupika. Mpango huo una faida yake, maana nyumba haijai na bidhaa inabaki mpya. Ila siku mlango wa ghala ukigoma, mwenye risiti na asiye na risiti wote wanalala njaa.

Mlango uligoma siku ya kwanza.

Jioni ileile wakuu wawili walijitokeza kwenye video kueleza. Mmoja alikuwa Jorg Neumann, kiongozi wa programu hiyo upande wa Microsoft, na mwingine Sebastian Wloch, mkuu wa Asobo. Kwa kifupi, walisema hawakutarajia umati wa kiasi kile. Kati ya ghala kuu la data na mteja kuna hifadhi ya mbele inayoitwa kache. Kazi yake ni kama ya duka la rejareja: hushika bidhaa zinazoulizwa sana ili watu wasiende ghalani kila mara. Kache hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa watumiaji 200,000 wa kubuni, ikahimili. Walipokuja watumiaji wa nyama na damu, ikazidiwa.

Mafundi wakawasha upya huduma, wakaongeza ukubwa wa foleni na kasi ya kuingiza watu. Mambo yakaenda vizuri kama nusu saa, kisha kache ikaanguka tena. Data ilipokosekana mfumo ulirudia kuiomba, kusubiri kukarefuka, na hatimaye mstari ukaganda pale kwenye 97. Ndege zilizokosekana kwenye orodha za watu zilikosekana kwa sababu hiyohiyo: zilikuwepo ghalani, ila hazikufika.

Maelezo yale yalikuwa ya uungwana, na si kampuni nyingi zinazotoka hadharani siku ya aibu kueleza kilichovunjika. Lakini kusema kwamba umati haukutarajiwa ni kisingizio chepesi. Programu ilikuwa inauzwa kabla ya siku yake, kwa hiyo muuzaji alikuwa na hesabu ya waliokwisha kulipa. Isitoshe, ilifunguliwa siku ileile kwa wanachama wa huduma ya Game Pass, wanaolipa ada ya mwezi na kuchukua wanachotaka bila kununua kimoja kimoja. Ukifungua lango la bure ubavuni mwa lango la kulipia, umati ndio kitu cha kwanza cha kutarajia.

Dereva aliyewahi kulala chini ya lori Namanga au Mutukula kwa sababu "sistimu iko chini", huku nyanya zikichuruza nyuma, hahitaji kuelezwa zaidi. Naye alikuwa na karatasi zote mkononi.

Saa ya foleni yahesabiwa matumizi

Kilichowaudhi wengi zaidi ya foleni ni suala la kurudishiwa pesa. Duka la Steam, ambako wengi wa watumiaji wa kompyuta hununulia, lina kanuni iliyo wazi: mteja anaweza kurudisha bidhaa na kupewa pesa zake ndani ya siku 14, mradi awe ameitumia kwa muda usiofika saa 2. Ni kanuni nzuri. Tatizo ni namna saa zinavyohesabiwa. Duka huhesabu muda ambao programu imefunguliwa, na mtu aliyeko kwenye foleni amefungua programu. Aliyesubiri saa mbili na nusu mbele ya mstari uliosimama alihesabiwa kuwa ametumia saa mbili na nusu, ilhali hata injini hajawasha.

Na halikuwa jambo jipya. Mwaka 2020 sehemu kubwa ya upakuaji ilifanyika ndani ya programu yenyewe, hivyo muda wa kupakua nao ulihesabiwa kama muda wa kuruka. Miaka minne ilipita na mtego ukabaki palepale.

Wateja walijibu kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani maoni ya wazi kwenye ukurasa wa bidhaa. Katika siku za kwanza waliokosoa waliwazidi mbali waliosifu. Ukisoma maoni yale utaona kwamba wengi hawakusema programu ni mbaya. Walisema hawajui kama ni mbaya au nzuri, kwa sababu hawajaiona.

Kulikuwa na wengine walioumia kimyakimya. Pembezoni mwa programu hii kuna wajasiriamali wengi, baadhi yao mtu mmoja na kompyuta yake, wanaotengeneza ndege na viwanja vya ziada na kuviuza. Sehemu ya mauzo yao hupitia soko lililo ndani ya programu yenyewe, na kwa wanaotumia mashine za Xbox hakuna mlango mwingine. Siku ya uzinduzi soko hilo halikuwa wazi. Lilisogezwa mbele hadi mwaka 2025. Msimu wa Krismasi ukapita, wateja wamejaa uwanjani, na wenye vibanda wamesimama nje na mizigo yao.

Baada ya foleni kuisha

Baada ya siku chache foleni zilipungua na watu wakaanza kuruka. Hapo ndipo kasoro nyingine zilipoonekana. Kivutio kikuu cha toleo jipya kilikuwa kufanya kazi kama rubani wa kuajiriwa: kubeba mizigo, kuzima moto, kuokoa waliopotea, kunyunyizia mashamba dawa, na kupanda cheo taratibu. Wazo zuri, na waliolipenda walilipenda kweli. Lakini kazi nyingine ziligoma kumalizika, na rubani aliyesafiri saa nzima akakosa malipo yake ya kubuni. Wengine walikatwa alama kwa makosa ambayo hawakuyafanya. Marekebisho yalianza kutoka mapema na kuendelea mwaka 2025 wote, na hali ikawa nafuu toleo hadi toleo. Aliyenunua mwaka mmoja baadaye alipata bidhaa bora kuliko aliyelipa mapema, na kwa aliyeona bei ikishuka, alilipa pungufu pia.

Kwa rubani wa mezani aliyeko Mwanza, Kampala au Bujumbura kuna hesabu nyingine inayotangulia hizo zote. Kasi ya intaneti iliyopendekezwa kwa toleo hili ni megabiti 50 kwa sekunde. Mtandao ukitumika kwa kasi hiyo mfululizo, saa moja inameza GB 22 na ushee. Kwa kawaida matumizi hayafiki kilele hicho muda wote, lakini anayenunua bando la simu kila asubuhi ataona mara moja kwamba safari ya kubuni ya Entebbe hadi Nairobi inaweza kumgharimu kuliko tiketi ya basi ya safari ya kweli.

Usiku ule wa Novemba 19, foleni ilipozidi kurefuka, wapo waliokata tamaa wakafunga toleo jipya. Hawakuwa wamelifuta lile la 2020. Lilikuwa bado limejaza nusu ya kompyuta zao, na GB zake zote walizokuwa wakizilalamikia. Wakalifungua, wakachagua uwanja, wakawasha injini, na ndege ikapaa.