Nyumbani si Kituo cha Polisi

Kazi ya polisi unaifahamu. Sisi tukilala, yeye yuko lindoni. Siku ya sikukuu yuko doria. Akipewa uhamisho, hufunga mizigo akaenda. Je, umewahi kuwafikiria watoto wake?

Baba hurudi alfajiri amechoka. Watoto huambiwa wanyamaze, baba amelala. Jioni huvaa sare akaondoka tena. Wiki huweza kupita bila kuzungumza nao. Akina mama walio polisi nao wana mzigo huo, na kazi za nyumbani juu yake.

Kazini polisi hupokea amri na kutoa amri. Gwaride haliendi kwa majadiliano. Lakini mtoto si askari. Nyumba ikiwa na amri tu, mtoto hutii kwa woga. Akipatwa na jambo baya, hulificha. Hapo ndipo penye hatari. Mtu mbaya akimchezea mtoto, humtisha asiseme. Mtoto anayemwogopa baba yake atamwambia nani? Polisi aweza kupokea taarifa za kijiji kizima, akakosa taarifa ya mwanawe.

Mwaka 1966, mtaalamu wa Marekani, Diana Baumrind, alieleza aina tatu za malezi. Ya kwanza ni amri tupu. Ya pili ni kumwacha mtoto afanye apendavyo. Ya tatu ni kuweka sheria, kueleza sababu zake, na kumsikiliza mtoto. Aliiona hii ya tatu kuwa bora. Haiondoi sheria. Mtoto bado hutumwa, bado huonywa, lakini anajua sababu.

Basi, polisi afanye nini?

Kwanza, awaeleze watoto zamu yake. Aseme: "Leo nalinda usiku. Kesho mchana tutakula pamoja." Akiahidi, atimize.

Pili, akirudi na hasira za kazini, apumzike kwanza. Ndipo aamue kosa la mtoto.

Tatu, baba na mama wakubaliane sheria za nyumba. Mmoja akiwa zamu, mwingine azifuate zilezile.

Nasi wanakijiji tuna wajibu. Mtoto akilia, tusimwambie, "Nyamaza, nitakuitia polisi!" Siku akipotea, atamkimbia askari anayemtafuta. Katika vituo vya polisi Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto aliyetendewa ubaya husaidiwa hapo. Atakwendaje kama tumemfundisha kuogopa?

Tena, mtoto wa polisi akihamia shuleni kwetu, tusimwite mpelelezi. Ameacha rafiki zake alikotoka. Tuwaambie watoto wetu wamkaribishe mchezoni.

Mambo haya si ya polisi peke yao. Mvuvi hukesha ziwani. Mlinzi wa ghala hukesha. Dereva husafiri siku nyingi. Wote wana watoto wanaowangoja. Basi leo, kabla ya kulala, muulize mtoto wako siku yake ilikuwaje. Akianza kusema, usimkatize. Msikilize mpaka amalize.