Rudisha Mchele Jikoni

"Fundi, niiache kwenye mchele siku ngapi?"

Swali hili niliulizwa Jumatatu, nikaulizwa tena Jumatano. Ijumaa mama mmoja akanipigia simu kutoka Tanga, akataka kujua kati ya mchele wa Kyela na wa Shinyanga upi unanyonya zaidi. Nilimjibu kwa adabu, nikakata simu, nikakaa kuandika makala hii.

Kazi yangu ni kufungua na kusafisha lenzi, hapa Dar es Salaam. Wateja wangu wengi si wapiga picha wa harusi. Wale lenzi zao hazilali, zitaota saa ngapi? Wanaonijia ni watu wa wikiendi: mwalimu, nesi, karani wa benki, mstaafu aliyeletewa kamera na mwanawe. Kamera inatoka kabatini Jumamosi moja kati ya tatu, ikirudi inavalishwa mkoba wake wa ngozi na kusukumwa nyuma ya mashuka. Hao ndio wenye fangasi kwenye lenzi, na hao ndio wenye imani kwamba mchele utaitibu.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja wa hisabati. Yeye na wenzake sita huamka alfajiri ya Jumamosi kwenda soko la samaki la Feri kupiga picha wavuvi wakishusha samaki, kisha hukaa kwenye chai na chapati wakapitishiana kamera na kukosoana. Utaratibu mzuri huo. Mimi mwenyewe nimefundwa na meza kama zile kuliko kitabu chochote. Tatizo ni kwamba kila aliyeko mezani ana jibu. Picha za mwalimu zilizoelekea jua zilikuwa na weupe, kama zimepigwa kupitia dirisha la daladala lenye mvuke. Ubavu wa mtumbwi ambao ulipaswa kuwa mweusi ulitoka kijivu. Wa kwanza akamwambia amezidisha mwanga. Wa pili akamwambia aongeze kontrasti kwenye programu. Wa tatu, ambaye kila meza anayo, akasema, "Hiyo 18-55 ni lenzi ya kuanzia, achana nayo, tafuta 50 ya f/1.8." Akaitafuta, akapata mtumba. Weupe ukazidi.

Lenzi zote mbili alizileta ndani ya deli, zimezikwa kwenye kilo mbili za mchele. "Zina siku tatu, fundi. Niongeze?"

Nilichukua ya kwanza nikageuza pete ya zumu, ikakwaruza. Kwenye njia za kuzungushia fokasi, unga mweupe wa mchele ulikuwa umechanganyika na grisi ukawa uji mzito. Nyuma ya kioo cha mbele, akitembea taratibu kama mkaguzi wa hesabu, kulikuwa na fukusi. Miaka yote sikuwahi kuweka bei ya kumtoa fukusi ndani ya lenzi.

Kisha nikafungua apecha mpaka mwisho, nikaweka tochi ya simu nyuma ya lenzi, nikatazama kwa pembeni. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama mizizi ya ukoka, kwenye kioo cha pili kutoka nyuma. Wenzake wa mezani hawakumdanganya kwa makusudi. Fangasi haionekani pichani kama doa, kwa sababu imekaa ndani ya lenzi yenyewe, karibu mno, haiwezi kuingia kwenye fokasi. Inachofanya ni kuutawanya mwanga, hasa ukilielekea jua, na kila kilicho cheusi kinakuwa kijivu. Iliyo kwenye vioo vya nyuma inaharibu picha kuliko ya mbele. Hapo unaweza kubadilisha lenzi, kamera, hata mke, lakini kama mtumba ulionunua nao umeota, umehama chumba ukabaki nyumba ileile.

Turudi kwenye mchele. Huo mchele unaouita mkavu si mkavu. Mchele mzuri wa dukani umebeba maji kiasi cha asilimia 13 au 14 ya uzito wake, na ndivyo unavyotakiwa uwe ili uhifadhike. Piga hesabu mwenyewe: kilo mbili za mchele zina maji kama robo lita. Glasi nzima. Umechukua lenzi inayougua unyevu, ukaifungia chumba kimoja na glasi ya maji, kisha unaniuliza siku ngapi.

Utasema maji hayo yamo ndani ya punje, hayatoki. Yanatoka na yanaingia. Punje na hewa hupeana unyevu mpaka zipatane, na mchele wenye asilimia 14, katika joto letu la nyuzi 25 hadi 30, hupatana na hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 70. Ikizidi hapo unavuta, ikipungua unatoa. Kwa hiyo kwenye deli lililofungwa, mchele haukaushi hewa. Unaishikilia kwenye 70.

Sasa sikia masharti ya fangasi ya lenzi kama yanavyotajwa na Zeiss, kampuni ya Ujerumani iliyoanza kazi ya vioo mwaka 1846: unyevu wa asilimia 70 au zaidi, kwa siku zaidi ya tatu, joto kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo kama vumbi, uzi wa nguo au mafuta. Linganisha na deli la mwalimu. Giza lipo. Hewa imesimama. Joto ni la Dar. Unyevu uko mpakani. Siku tatu ndizo hizo anazotaka kuongeza. Na chakula? Unga wa wanga, umemwagwa hadi ndani ya fokasi. Mtu angetaka kulima fangasi kwa ajili ya kuuza asingepata shamba zuri kuliko hilo.

Tena hata mchele ungekuwa mkavu kama majivu, usingetibu. Ukavu unaizuia fangasi isiendelee, hauitoi. Nguo iliyoota koga ukiianika jua la mchana kutwa, jioni utaivaa na madoa yake. Fangasi ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba wa rangi ya zambarau au kijani unaouona juu ya kioo, halafu inaanza kioo chenyewe. Hapo nikiosha nyuzi zinatoka, lakini njia zake zinabaki zimechorwa. Hakuna dawa ya hilo, si kwangu wala kwa yeyote anayekuambia anayo.

Najua imani hii ilikotoka. Chumvi ya mezani huanza kuyeyuka hewa ikivuka unyevu wa asilimia 75 hivi, na usiku wa Pwani hiyo 75 tunaivuka bila hata mvua. Bibi zetu wakatia punje chache za mchele kwenye kidau, chumvi ikawa inamwagika vizuri. Sawa. Kidau kile kinafunguliwa kila mlo, punje zinagongana na mabonge na kuyavunja, na hakuna anayepiga picha kwa kidau cha chumvi. Nitakiri pia kwamba mchele uliokaangwa mpaka ukawa rangi ya chai hunyonya kweli, kwa kuwa maji yake yameshafukuzwa. Ila aliyenihakikishia kwamba alikaanga kwanza sijampata bado, na unga wake unaingia kwenye lenzi vilevile. Baada ya vidau zikaja simu zilizoanguka chooni, na mchele ukapata umaarufu upya. Januari 2024 Apple yenyewe iliwaambia wateja wake wasiweke simu kwenye mchele, kwa sababu vipande vyake vidogo vinaweza kuiharibu. Na simu haina pete ya kuzungusha.

Wala msidhani fangasi ni ugonjwa wa masikini wa Pwani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Marekani na Australia yaliyopigana New Guinea yaliona darubini na kamera zao zikiota hivi hivi, na wanasayansi walikaa miaka wakilishughulikia jambo hilo. Rafiki yangu wa Dodoma huacha lenzi zake juu ya rafu, wazi, na hazioti kitu. Anadhani ni usafi wake. Ni ukavu wa Dodoma.

Jua nalo lina wafuasi. Mtu anaianika lenzi juu ya bati saa saba mchana ili "miale iue wadudu". Miale inaweza kuua sehemu ya fangasi iliyo usoni. Joto, wakati huohuo, linalainisha grisi na kuipeleka kwenye visu vya apecha, vikaanza kunatana. Na lenzi iliyoachwa wazi juani ni kioo cha kuwashia moto. Mteja wangu mmoja alitoboa kitambaa cha meza.

Ya kufanya ni machache, na hayana ladha ya hadithi.

Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kile cha ukubwa wa sanduku la kiberiti. Kabla hujakiamini, tia chumvi kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji iwe tope, funga vyote viwili kwenye mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, ujue kinapunguza tano.

Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, la kuhifadhia chakula linatosha. Ndani weka silika jeli, gramu mia kadhaa, si kile kijipakiti ulichokitoa kwenye boksi la viatu ambacho kilishashiba kabla hujazaliwa. Chagua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya bluu ina kobalti, na kobalti si kitu cha kuweka karibu na watoto. Ikigeuka rangi, itie kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, irudishe. Unyevu uwe kati ya 40 na 50. Chini ya 30 huna unachopata.

Mwenye lenzi nyingi na umeme wa uhakika anunue kabati la umeme la kukausha, aliweke 45, asahau. Asiye na hela ya kabati atumie kabati dogo la mbao lenye balbu ya wati 15 ndani, ya waya, inayotoa joto. LED haitakusaidia hapa, haichemki. Mkoba wa ngozi upe mtoto achezee. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla hujaifungua nje, au utaiogesha. Ukishapiga picha futa alama za vidole. Na itumie! Lenzi inayotoka nje kila wiki, ikapata mwanga na upepo, huniletea riziki ndogo sana.

Imeshaota? Usifungue mwenyewe kwa bisibisi ya miwani. Ipeleke kwa fundi mapema, zikiwa bado nyuzi mbili tatu. Lenzi ya bei ndogo wakati mwingine gharama ya kuisafisha inaipita thamani yake, na fundi mkweli atakuambia hivyo. Vioo vilivyogundishwa kwa gundi, fangasi ikiingia kati yake, sivigusi. Na acha kuogopa kwamba lenzi ya jirani itaambukiza yako: vijimbegu vya fangasi viko kwenye hewa unayopumua sasa hivi, vinachosubiri ni unyevu.

Ukinunua mtumba, nenda na tochi. Apecha wazi, mwanga kutoka nyuma, macho pembeni. Nukta nukta ni vumbi, lipuuze, kila lenzi inalo. Nyuzi, mizizi au umbo la nyota lenye manyoya ni fangasi. Weupe uliosambaa sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni mvuke wa grisi. Upinde wa mvua ukingoni maana yake gundi imeachia. Muuzaji akikwambia "hizo hazionekani kwenye picha", mwombe mtoke nje, mpige moja kuelekea jua.

Mwalimu wa hisabati nilimsafishia ile 18-55. Ilikuwa imewahiwa, kioo hakikuliwa, na weusi wa mitumbwi umerudi. Ile 50 ya f/1.8 nyuzi zilitoka lakini michoro imebaki. Nilimwambia aitumie jua likiwa mgongoni mwake, na asimuuzie mtu bila kumwonyesha.

Masika yanaanza Machi. Mlango wangu naufungua saa mbili asubuhi. Ukiwa na lenzi iliyoota, njoo, ila tafadhali ije bila punje.